Si utundu, mtoto wako anakuiga wewe

Jumatatu moja alfajiri, kabla hata sijawasha taa zote za zahanati, mama mmoja aliingia mbio akiwa amembeba mvulana wake wa miaka miwili na nusu. Nyuma yake alikuwa nyanyake mtoto, ameshika leso mkononi na hana viatu miguuni. Mtoto alikuwa amelowa jasho, mwili umelegea, na nilipomwita kwa jina hakuitika.

Tulipompima sukari ya damu, kifaa kilionyesha 1.6. Mtoto wa umri huo akishuka chini ya 3 sisi madaktari huingiwa na wasiwasi, kwa sababu ubongo hutegemea sukari, na ukiikosa kwa muda mrefu hudhurika, au mtoto hufa. Muuguzi alitafuta mshipa, tukampa maji ya sukari, na baada ya dakika chache mtoto akafungua macho na kuanza kulia. Sote tulishukuru kusikia kilio hicho. Hata hivyo, hatukumruhusu aende nyumbani. Tulimpeleka hospitali kubwa akalazwa siku mbili, maana dawa aliyokuwa amemeza inaweza kuendelea kushusha sukari kwa saa nyingi hata baada ya mtoto kuonekana amepona.

Dawa yenyewe ilikuwa tembe za kisukari za nyanyake, ambaye alikuwa amefika kutoka mashambani siku ya Jumamosi ili aende kliniki hapa mjini. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso, jinsi wazee wetu wanavyofunga pesa. Alfajiri hiyo alipomwona mjukuu wake hajitambui, alifungua fundo, akahesabu, akapata mbili zimepungua.

"Daktari," akaniambia huku machozi yakimtoka, "jana jioni nilimwona amekaa kwenye kiti changu, ameshika kikombe changu cha maji. Akatia mkono mdomoni, akainua kichwa, akanywa maji, kisha akasema 'Aaa!' kama ninavyosema mimi. Nami nikacheka. Nilidhani mkono ni mtupu."

Mama mtoto naye akasema kwa hasira, "Huyu ni mtundu kupita kiasi. Akipona atanitambua."

Ninaandika makala haya kwa sababu ya kauli hizo mbili. Nyanya alieleza kwa usahihi mkubwa jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi. Mama naye, kwa uchungu aliokuwa nao, alirudia kosa ambalo wengi wetu tunalifanya, la kuita utundu kile ambacho kwa kweli ni mtoto kujifunza. Mvulana yule hakuwa akitafuta peremende, wala hakuwa na nia ya kumsumbua mtu. Alikuwa amemtazama mtu anayempenda akifanya jambo fulani asubuhi na jioni, kwa makini na kwa utaratibu uleule, naye akaamua kulifanya vivyo hivyo, kuanzia kiti hadi ile "Aaa!"

Wahenga wetu waliliona jambo hili zamani waliposema kwamba mtoto hutazama kisogo cha nina. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa leso huona kisogo cha mamake mchana kutwa, na huko ndiko anakoanza kujua dunia. Tusichokifikiria sana ni kwamba kisogo hicho hakina macho. Mtoto hututazama hata tusipojua kwamba tunatazamwa.

Kuiga huku huanza mapema kiasi gani? Mnamo 1977 wataalamu wawili wa Marekani, Andrew Meltzoff na Keith Moore, waliandika kwamba watoto wa majuma mawili au matatu tu waliweza kutoa ulimi baada ya kumwona mtu mzima akitoa wake. Habari hiyo iliwashangaza wengi. Lakini mnamo 2016 watafiti nchini Australia waliofuatilia watoto zaidi ya 100 tangu siku zao za kwanza hawakuona dalili ya kuiga huko, na mabishano hayo hayajaisha. Kwa hivyo, mzazi ambaye mtoto wake wa siku 20 hamwigi asiwe na wasiwasi wowote.

Yanayotokea mtoto akishatimiza mwaka hayana ubishi. Mnamo 1988 Meltzoff alichapisha matokeo ya jaribio jingine. Mtu mzima aliinama mbele ya watoto wa miezi 14 na kugusa kisanduku kwa paji la uso, taa ikawaka. Watoto hawakuruhusiwa kukigusa siku hiyo. Walirudishwa juma moja baadaye, na theluthi mbili yao wakainama na kukigusa kwa paji la uso, ingawa walikuwa na mikono. Tafakari jambo hilo, msomaji. Mtoto ambaye hajaweza kusema maneno kumi anaweza kuona jambo mara chache, akaliweka kichwani siku saba, kisha akalifanya wewe ukiwa umelisahau.

Jaribio lingine lilifanyika karibu nasi, katika kisiwa cha Ngamba kilichoko Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako sokwe waliookolewa hutunzwa. Mnamo 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walieleza jinsi walivyowaonyesha sokwe hao kisanduku chenye chakula ndani. Mtu alichokoa kwa kijiti tundu la juu kwanza, kisha akatoa chakula kwa tundu la mbele. Kisanduku kilipokuwa cha kuona hadi ndani, ilikuwa wazi kwamba lile tundu la juu halikuwa na kazi yoyote. Sokwe wakaliacha, wakaenda moja kwa moja kwenye chakula. Watoto wa binadamu wa miaka mitatu na minne walipoonyeshwa kisanduku kama hicho walifuata kila hatua, pamoja na ile isiyo na maana.

Je, sokwe ana akili kumshinda mtoto? La hasha. Mtoto wa binadamu huzaliwa katika ulimwengu uliojaa mambo asiyoweza kujua sababu zake. Hajui kwa nini tunanawa kabla ya kula, wala kwa nini tunawasalimu wazee kabla ya kusema shida zetu. Akingoja kuelewa sababu ya kila jambo, atazeeka kabla hajajua kuishi na watu. Kwa hivyo huamini kwamba mtu mzima anajua anachofanya, akaiga kwanza na kuuliza baadaye. Wala hili si jambo la watoto wa Wazungu peke yao. Mnamo 2010 Mark Nielsen na Keyan Tomaselli walionyesha kwamba watoto wa jamii za Kalahari kusini mwa Afrika huiga hatua zisizo na maana sawa na wenzao wa mji wa Brisbane nchini Australia.

Imani hiyo ya mtoto ndiyo inayomfanya mwanadamu ajifunze lugha, kazi na adabu. Na imani iyo hiyo ndiyo iliyomfanya mvulana wa miaka miwili na nusu ameze tembe za kisukari. Hana namna ya kujua kwamba kunawa mikono kunafaa kuigwa na kumeza tembe hakufai. Kwake yote mawili ni mambo ambayo watu wakubwa hufanya.

Ndiyo maana ninawasihi wazazi wenzangu tubadilishe mazoea yetu kuhusu dawa, na hasa mazoea ambayo hatuyaoni kuwa ni makosa.

Kwanza, usimeze dawa mbele ya mtoto mdogo. Utaniuliza, "Daktari, mbona basi nijifiche katika nyumba yangu mwenyewe?" Si kujificha kwa aibu. Ni kuingia chumbani, kumeza, na kurudisha dawa mahali pake kabla ya kutoka. Asichokiona hawezi kukiiga.

Pili, usimdanganye mtoto kwamba dawa ni peremende au soda ili akubali kuinywa. Mwambie ni dawa, na kwamba ni mama, baba au daktari tu anayeitoa. Ukisema leo kwamba ni peremende, kesho ataitafuta mwenyewe.

Tatu, weka dawa zote juu na zifungiwe. Fundo la leso, mkoba wa mgeni, mfuko wa koti na chini ya mto si mahali pa dawa. Mgeni akifika, hasa mzee anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, mwombe kwa heshima akukabidhi dawa zake uzihifadhi pamoja na zako. Hakuna nyanya atakayekasirika ukimweleza kwamba ni kwa usalama wa mjukuu wake. Mama mjamzito naye akumbuke zile tembe za madini ya chuma anazopewa kliniki. Kwake zinaongeza damu, lakini mtoto mdogo akizimeza nyingi ni sumu. Jambo baya zaidi ni kwamba mtoto huyo anaweza kutapika, akaonekana amepata nafuu, kisha hali yake ikawa mbaya ghafla saa kadhaa baadaye.

Nne, usiweke mafuta taa wala dawa ya kung'arisha nguo katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto amekuona mara nyingi ukiinua chupa kama hiyo na kunywa. Umemfundisha chupa ile ni ya nini, halafu umebadilisha kilichomo bila kumwambia.

Ikiwa mtoto amekwisha kumeza kitu, usimtapishe na usimlazimishe kunywa maziwa, ingawa jirani watakushauri hivyo. Mafuta taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoleta madhara makubwa. Mchukue mara moja umpeleke hospitalini, ubebe pakiti au chupa ya kitu alichomeza, na usingoje kuona dalili. Tembe za kisukari hazionyeshi kazi yake papo hapo. Jioni ile mvulana yule alicheza, akala, akalala kama kawaida.

Nikirudi kwa yule mama aliyeapa kumchapa mwanawe, nilimwuliza swali moja, "Mama, ukimchapa, atajifunza nini?" Akajibu kwamba atajifunza kutogusa dawa. Mimi sidhani. Mtoto wa umri ule, akichapwa siku tatu baada ya tukio, hawezi kuunganisha kiboko na tembe. Anachoona ni kwamba mtu mkubwa akikasirika humpiga aliye mdogo kuliko yeye. Hilo atalikumbuka na kuliiga, na atakayelipata ni mdogo wake nyumbani au mwenzake katika shule ya chekechea. Mnamo 1961 Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa nyundo ya kuchezea. Watoto wengi walipoachwa na mwanasesere huyo, walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale waliyoyasikia.

Najua wengi mtasema kwamba sisi wakazi wa mjini hatuna nafasi ya kuigwa. Tunatoka nyumbani alfajiri kuwahi matatu, tunarudi usiku mtoto amelala, na siku nzima yuko na yaya. Ni kweli. Basi kubali kwamba yaya ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto wako, umtendee kama mwalimu. Mwonyeshe mahali pa dawa, mweleze kuhusu chupa za mafuta taa, mfundishe nambari ya simu ya kupiga kukiwa na dharura. Na ukumbuke kwamba jinsi unavyosema naye mbele ya mtoto pia ni somo. Nimewahi kumwona msichana wa miaka mitatu chumbani mwangu akimnyooshea yaya kidole na kumwambia, "Wewe, lete maji haraka!" Mamake aliinamisha kichwa. Sauti ile ilikuwa yake.

Liko pia suala la simu. Siku hizi mtoto akilia hupewa simu ya mkononi, naye hunyamaza. Wazazi hunieleza kwa fahari kwamba mtoto "anajifunza" kutoka kwa katuni. Mnamo 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwachukua watoto wa miezi tisa, baadhi wakachezewa na kusomewa na mtu kwa Kichina katika vipindi 12, wengine wakaonyeshwa mambo hayohayo kwa video. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video hawakupata chochote. Mtoto mchanga huiga mtu anayemtazama machoni na kumjibu, na simu haiwezi kumjibu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mnamo 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya runinga wala simu, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Nusu saa ya kuzungumza naye unapomwosha, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ya nyumbani, humfaa kuliko katuni za siku nzima.

Sitaki umalize makala haya ukidhani kuiga ni hatari tupu. Mimi mwenyewe hukutegemea kila siku kazini. Nikitaka kuona koo la mtoto simwambii afungue kinywa, kwa sababu atakifunga zaidi. Hufungua changu kwanza, nikatoa ulimi, naye hufanya hivyo huku akicheka. Nikitaka kusikiliza kifua chake, huanza na cha mamake, mtoto akitazama. Ukienda nyumbani fanya vivyo hivyo. Unataka mtoto apige mswaki? Piga wako naye akiwa amesimama kando yako. Unataka ale sukuma wiki? Keti naye mezani, uile mbele yake kwa furaha. Unataka anawe mikono atokapo chooni? Nawa yako, kila siku, hata unapokuwa na haraka. Maneno matupu hayatamshika kama atakavyoshikwa na unayoyatenda.

Kuna pia jambo la kuangalia. Afikapo mwaka mmoja hivi, mtoto kwa kawaida hupunga mkono mnapoagana. Kufikia mwaka mmoja na nusu huanza kushika fagio au kitambaa akijaribu kufanya kazi za nyumbani kama wakubwa. Ikiwa wako hakuigi kabisa, hakutazami machoni, au haitiki anapoitwa kwa jina, usiambiwe na majirani kwamba ni mpole tu. Mpeleke kliniki apimwe masikio na ukuaji wake. Huenda hasikii vizuri, au ana usonji. Hali hizi zikigunduliwa mapema mtoto husaidika zaidi kuliko zikigunduliwa akiwa tayari kuingia darasa la kwanza.

Mvulana wa tembe za kisukari alirudi kwangu juma lililofuata kwa uchunguzi, akiwa mzima. Mamake hakumchapa. Nyanya aliniambia kwamba dawa zake sasa ziko kwenye mkebe wenye kufuli juu ya kabati, na kwamba yeye huingia chumbani na kufunga mlango anapozimeza. Tulipokuwa tukizungumza, mvulana alichukua leso ya nyanyake pale kitini, akafunga fundo pindoni taratibu kwa vidole vyake vidogo, akamrudishia.

Jioni ya leo, mzazi mwenzangu, kabla hujamwita mwanao mtundu, jiulize ni nani uliyemwona akifanya jambo hilo kabla yake. Kisha ukague mahali unapoweka dawa.